Tulipokuwa Ugenini: Matembezi Yetu ya Jumamosi

Tangu tuliporudi Bukavu mwaka 2022, hazipiti siku nyingi bila kuulizwa na ndugu, majirani na wanafunzi: "Ninyi mliokaa Ulaya, mliona nini kule?" Mara nyingi twajibu kwa ufupi, kama mtu aliye njiani. Twataja theluji, twataja magari ya moshi yanayofika kwa dakika iliyoandikwa (wala si kila mara, msidanganyike), nao waulizaji huridhika, huenda zao. Lakini jibu hilo si la kweli yote. Leo, kwa kuwa tumepewa nafasi katika gazeti hili, twapenda kuwaeleza wasomaji wapenzi habari za matembezi yetu katika nchi ya Ubelgiji, na sababu iliyotutoa nyumbani. Maana hatukuanza kutembea kwa furaha.

Tulikwenda huko mwaka 2019, tulipopata nafasi ya kuendelea na masomo ya ualimu katika mji wa Leuven. Tulikuwa watu watano: sisi tunaoandika habari hizi, mama watoto, binti wetu wa kwanza aliyekuwa na miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na kitindamimba ambaye bado alibebwa mgongoni. Leuven ni mji wa vitabu. Chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka 1425, na maktaba yake iliteketea kwa moto mara mbili, katika vita ya mwaka 1914 na tena mwaka 1940, ikajengwa upya mara zote mbili. Sisi tulipanga vyumba viwili juu kabisa katika nyumba ya ghorofa tatu. Miezi ile ya kwanza hatukwenda mahali. Fedha zilikuwa za kuhesabu, baridi ilituogopesha, na Jumamosi ilikuwa siku ya kufua.

Kisha, mwezi wa Machi 2020, ule ugonjwa wa korona ukafunga dunia. Shule zikafungwa, mipaka ikafungwa, ndege zikakaa chini. Mwezi wa Mei simu ikalia alfajiri: baba mkwe wetu amefariki.

Imetupasa kusema machache juu ya mzee huyo, kwa kuwa bila yeye hadithi hii haina mguu wa kusimamia. Alikuwa fundi mwashi. Kuta nyingi za mtaa wetu ni kazi ya mikono yake, na makaburi mengi pia, maana maskini waliofiwa walimwendea, naye mara nyingi hakuwatoza ila bei ya saruji. Alikuwa na desturi moja ambayo watoto wake wote waliijua. Akiisha kulilaza jiwe, aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, akalipapasa polepole toka pembe hata pembe, kama mtu anayesikiliza. Pimamaji alikuwa nayo, tena nzuri. Lakini alisema kwamba chombo humwonyesha fundi mahali kilipowekwa tu, na kiganja humwonyesha jiwe zima. Binti yake, yaani mama watoto, alikulia kando ya mawe hayo, akimletea maji ya kukorogea udongo.

Kwenda kumzika hatukuweza. Hapakuwa na ndege ya kutufikisha. Hata wale waliokuwa karibu hawakuweza wote kufika, kwani serikali yetu ilikuwa imekataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Mtu aliyewalaza wafu wa mtaa mzima alisindikizwa na watu wa kuhesabika. Shemeji yetu aliinua simu yake juu ili tuone. Tulimwona padri, tuliona koleo, tulikiona kitambaa cheusi cha mama mkwe. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Picha ikaganda: jeneza nusu ndani ya ardhi, nusu nje. Mama watoto aliitazama picha ile mpaka simu ikazimika yenyewe, ndipo akainuka, akaenda kuosha masufuria yaliyokuwa yamekwisha oshwa.

Hakulia. Jambo hilo ndilo lililotutia hofu. Ninyi mnajua kilio chetu kilivyo: watu hujaa uani, wanawake hukaa chini pamoja na mfiwa, wanaume huwasha moto nje, mtu hulala, huamka, huimba, hupika, na machozi hupata njia. Kule tulikuwa watano katika vyumba viwili. Bibi mmoja Mflama wa ghorofa ya chini, mwenye moyo mwema, aliweka supu mlangoni petu siku tatu mfululizo, akabisha, akashuka upesi kabla hatujafungua, kwa sababu sheria za ugonjwa hazikumruhusu kuingia. Mungu ambariki. Lakini supu ya mlangoni si kilio.

Mwezi wa Juni sheria zikalegezwa. Ndipo sisi tunaoandika tulipotoa shauri: kila Jumamosi familia yote itoke, ikaone nchi. Tulifikiri kwamba macho yakipata kazi, moyo utapata nafuu. Tena watoto wasiotimiza miaka 12 hawalipi nauli katika gari la moshi wakifuatana na mkubwa, kwa hiyo tulilipa tiketi mbili tu. Mama watoto alijibu hivi: "Baba watoto, mtu mwenye kilio hatembei akitazama nyumba za watu." Tulimshikilia kwa ajili ya watoto, naye akakubali, kama mtu anavyokubali kunywa dawa ya mtu mwingine.

Matembezi ya kwanza yalitupeleka Waterloo, mahali ambapo Napoleon alishindwa mwaka 1815. Kuna kilima kilichofanywa na watu, na simba wa chuma juu yake, na ngazi za kupandia zipatazo 226. Tulizipanda tukiwaeleza watoto habari za majeshi, huyu alitokea huku, yule akatokea kule. Tulipofika juu hatukuwa na pumzi ya kumaliza maelezo, na watoto walitaka kujua tu kama yule simba ana jina. Tulipotazama chini, tulimwona mama watoto amekaa kwenye nyasi na kapu la chakula, mgongo wake umeelekea kilima. Kutoka juu alionekana mdogo sana. Tungalishuka mara ile. Hatukushuka, tulimaliza kwanza kuwaonyesha watoto upande wa kaskazini.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Bruxelles kuitazama Atomium, ambayo ni madude tisa ya mviringo yanayong'aa, yameunganishwa kwa mabomba, urefu wake mita 102. Ilijengwa kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1958. Watoto waliipenda kuliko kitu chochote, nasi tuliitazama kutoka nje, kwa kuwa bei ya kuingia ilikuwa ya watu wenye mshahara. Tulipokula vitumbua vyetu chini yake, hatukujua bado kwamba katika maonyesho yale Wakongo waliwekwa ndani ya kijiji cha kutazamwa, na kwamba baadhi yao walichukizwa na matusi ya watazamaji, wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Tulikuja kuyasoma hayo baadaye.

Hata hapo mama watoto alikuwa hajasema neno juu ya alichokiona. Mvulana wetu ndiye aliyetuonya. Alituuliza tukiwa katika gari la moshi: "Baba, sisi tunatembea au tunasoma?" Kweli, mwalimu ni mwalimu hata siku ya mapumziko, na watu wa nyumbani mwake huumia.

Basi Jumamosi ya tatu hatukwenda mbali. Katika Leuven yenyewe kuna kanisa dogo la Mtakatifu Antoni, na chini yake, katika chumba cha mawe, amelala Padri Damien. Wengi wenu mnalijua jina lake. Alizaliwa katika kijiji cha Tremelo, karibu na Leuven, mwaka 1840. Alikwenda kuwahudumia wakoma katika kisiwa cha Molokai, huko Hawaii, mwaka 1873. Akaambukizwa ukoma, akafa kati yao mwaka 1889, wakamzika. Mwaka 2009 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu. Mama watoto hakukataa kwenda, kwa kuwa palikuwa kaburini.

Tulishuka ngazi. Palikuwa baridi na kimya. Safari hii tulieleza kidogo tu, tena kwa sauti ya chini: jinsi Wabelgiji walivyomtaka mtu wao, jinsi mwili wake ulivyofukuliwa, ukasafirishwa baharini nusu ya dunia, na mwaka 1936 ukapokewa katika bandari ya Antwerpen, mfalme mwenyewe akiwapo. Tuliwaeleza pia watoto kwamba watu wa Hawaii hawakumsahau, na kwamba mwaka 1995, alipotangazwa mwenye heri, mkono wake wa kuume ulirudishwa Molokai, ukazikwa katika kaburi lake la kwanza. Binti wetu alikunja uso, akiwaza juu ya mkono kusafiri peke yake.

Mama watoto alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe. Aliuliza bila kugeuka:

"Alikaa ugenini miaka mingapi baada ya kufa?"

"Arobaini na saba."

"Na wakamrudisha."

"Wakamrudisha."

"Basi inawezekana," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza katika matembezi yote matatu, nasi hatukulielewa. Tulidhani anamfikiria baba yake, ambaye alikuwa amezikwa kwao, mahali pake, wala hapakuwa na haja ya kumrudisha. Sasa twadhani alikuwa akijifikiria yeye mwenyewe.

Meli iliyouleta mwili wa Padri Damien kutoka Panama hata Antwerpen yaitwa Mercator, meli ya matanga yenye milingoti mitatu, nayo imetia nanga kwa kudumu katika mji wa Oostende, pwani ya Bahari ya Kaskazini. Watoto wakataka kuiona. Twende Oostende basi. Ilikuwa mwezi wa Julai, na gari la moshi lilijaa watu wenye barakoa na miavuli ya pwani. Meli ni nzuri, nyeupe, imejaa kamba. Mvulana aliuliza jeneza lilikaa upande gani, nasi tulikiri kwamba hatujui, jambo lililompendeza mama yake hata akatabasamu. Tuliona bahari. Sisi watu wa ziwa la Kivu huwa twadhani twajua maji mengi ni nini. Lakini ziwa lina ng'ambo, na pale hapakuwa na ng'ambo. Kitindamimba alionja maji, akatema, akatutazama kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliotia chumvi.

Tukitembea kando ya bahari tulifika penye sanamu kubwa ya mfalme Leopold II juu ya farasi. Iliwekwa pale mwaka 1931. Chini ya mfalme, upande mmoja, wamechongwa wavuvi wa Oostende. Upande wa pili wamechongwa Wakongo, wakimwinulia nyuso kwa shukrani. Mwaka ule sanamu za mfalme huyo zilikuwa zikigombaniwa katika Ubelgiji yote. Moja iliondolewa katika mtaa wa Ekeren, Antwerpen, mwezi wa Juni. Na tarehe 30 Juni 2020, siku ambayo Kongo ilitimiza miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi kueleza majuto yake kwa majeraha ya zamani. Sisi tulitaka kupita upesi. Watoto walikuwa wakila aiskrimu, na siku ilikuwa nzuri. Lakini macho ya watoto hayapiti upesi.

"Baba, huyu hana mkono."

Kweli hakuwa nao. Mkono wa Mkongo mmoja ulikatwa kwa msumeno mwaka 2004, usiku, na watu wa Oostende wenyewe waliotaka kukumbusha mikono iliyokatwa kwetu katika siku za mpira. Ikatupasa kueleza. Tulieleza kwa maneno machache tuliyoyaweza: kwamba watu walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira msituni, kwamba askari walidaiwa ushahidi wa kila risasi, kwamba ushahidi huo ulikuwa mkono. Kufundisha jambo hilo darasani ni kazi moja. Kulieleza pwani, mbele ya mtoto wako mwenye aiskrimu mkononi, ni kazi nyingine. Binti wetu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Na mkono wa huyu, waliurudisha kwao kama ule wa Padri Damien?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi Leuven jua likichwa, na kila mtu alijifanya amelala.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Siku ya Jumatano mama watoto alikwenda Matonge, ule mtaa wa Bruxelles wenye maduka ya watu wetu, kutafuta sombe na unga wa muhogo. Aliporudi aliweka mfuko mezani, akasema: "Jumamosi hii nitachagua mimi. Tutakwenda Tervuren." Mama mmoja muuza mboga, mkaaji wa siku nyingi, alikuwa amemwambia kwamba huko wamelala watu wetu saba.

Twaungama kwamba Tervuren tulikuwa tukiikwepa. Ndiko kuliko na jumba lile kubwa la mambo ya Afrika ambalo Leopold II aliagiza lijengwe, na lililofunguliwa mwaka 1910 baada ya kifo chake. Lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2013, likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2018. Tulikuwa tunajiambia kwamba tutakwenda watoto wakikua. Pengine tulitaka kukua sisi.

Tulipanda tramu namba 44, inayopita katikati ya miti mirefu, njia nzuri kuliko zote tulizoziona katika Ubelgiji. Barabara ile kubwa inayotoka Bruxelles kwenda Tervuren ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, ili watazamaji wafike bila taabu. Nasi tulifika bila taabu.

Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo tuliingia kwanza katika jumba. Hatutaeleza yote, ni mengi mno, na mengine ni ya kumfanya mtu asimame asijue asikitike au afurahi. Mtumbwi mmoja, uliochongwa katika mti mmoja tu, una urefu wa mita 22 na nusu. Mwaka 1957 ulimbeba mfalme Leopold III alipokuwa safarini kwetu. Watoto waliuzunguka mara tatu. Kuna vinyago, ngoma, viti vya machifu, kila kimoja ndani ya kioo chake, na taa yake. Mama watoto alipita mbele ya vitu hivyo akisema kwa sauti ndogo, kama anayesalimia wazee kibarazani: "Jambo. Jambo. Jambo." Na katika ukumbi mmoja ukuta umeandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa katika Kongo tangu mwaka 1876 hata 1908. Wakongo waliokufa miaka hiyo hawana ukuta. Ila fundi wetu Freddy Tsimba, mtu wa Kinshasa, ameyaandika kwenye vioo vya madirisha majina ya wale saba wa Tervuren, na jua likiwaka, kivuli cha majina yao huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Siku ile mvua ilinyesha. Hapakuwa na kivuli. Tuliyasoma majina juu ya vioo, na matone ya maji yakishuka nyuma yake.

Mvua ilipopungua tulikwenda kwa miguu hata kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili.

Habari zenyewe ni hizi. Mwaka 1897 Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walichukuliwa toka kwetu, wakavushwa bahari, wakawekwa katika bustani ya Tervuren, ndani ya vijiji vilivyojengwa kando ya maziwa ili watu wawatazame. Walipiga makasia, walipika, walicheza ngoma, na watazamaji zaidi ya milioni moja walipita nyuma ya ua. Watu waliwatupia peremende na vyakula hata wakaugua matumbo, ikabidi kutangaza kwa kibao kwamba tayari wanalishwa. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya mvua na baridi. Saba walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Waliosalia walirudishwa Kongo, saba walibaki.

Makaburi yao yako kando ya ukuta wa kanisa: mawe saba, ya kawaida kabisa, yamelala sambamba. Tulisoma: Ekia, Zao, Kitukwa, Mibange na wenzao. Binti yetu aliyasoma kwa sauti, polepole, kama anavyoita majina ya wenzake darasani. Mvulana alihesabu, akahesabu tena.

Mama watoto alitukabidhi mtoto. Aliinama kwenye jiwe la kwanza, akaondoa majani yaliyolowa, akaweka kiganja, akafumba macho, akalipapasa toka pembe hata pembe. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Hatukusema neno, maana tuliijua kazi hiyo ni ya nani. Alipofika la saba aliketi palepale chini, juu ya majani yenye maji, akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani, akaanza kulia.

Hakulia kwa leso, kama walivyolia watu wa nchi ile. Alilia kilio cha kwetu, kwa sauti kamili, akimwita baba yake kwa majina yake yote, akiuliza nani atatunyoshea mawe. Njia ya watu ilikuwa karibu. Mtu na mkewe waliokuwa wakipita kwa baiskeli walisimama. Mama mmoja mwenye mbwa akasimama. Kijana mmoja akasimama. Nasi tunaoandika tuliona haya, twaandika hapa bila kujificha. Tulimwinamia, tukamnong'oneza: "Mama watoto, watu wanatutazama."

Akajibu bila kuinua kichwa: "Na watazame. Hawa pia walitazamwa, wala hawakupata mtu wa kuwalilia."

Basi tukaketi. Watoto wakaketi. Kitindamimba, ambaye hakuelewa neno, alipanda mapajani mwa mama yake, akalia naye kwa kumsaidia. Yule mwenye baiskeli alivua kofia yake, akasimama hivyo kitambo, kisha akasukuma baiskeli yake kwa miguu mpaka alipofika mbali, ndipo wakapanda. Mama watoto alilia yapata nusu saa. Alipokwisha alipiga simu Bukavu, akamwonyesha mama yake mawe, moja baada ya jingine. Mama mkwe aliuliza: "Yamekaa sawa?" Naye akajibu: "Matano yamekaa sawa, Mama. Mawili yamelala upande kidogo." Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu Mei, akasema mzee angaliwafukuza mafundi wale.

Tulirudi huko mara nyingi. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule, siku ya kuwaombea marehemu, tulileta brashi, ndoo, na maua tuliyonunua karibu na kituo. Mama watoto aliyapanga yeye mwenyewe. Mvulana, ambaye alikuwa amejifunza kuhesabu kwa mashaka, alimwambia: "Mama, umekosea. Umenunua manane." Hakumjibu. Lile la nane aliliweka peke yake, juu ya nyasi, mwisho wa mstari.

Mwezi wa Juni 2022, tulipokuwa tukifunga mizigo, Ubelgiji ilikabidhi jino la Patrice Lumumba kwa watoto wake, nalo likarudishwa Kongo, likapitishwa nchini, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Tuliyatazama hayo pamoja katika simu ileile ya mazishi ya mzee. Safari hii mtandao haukukatika.

Tulifika Bukavu mwezi wa Agosti. Kabla hatujafungua mizigo, kabla hata ya kula, mama watoto aliomba apelekwe makaburini. Lile la baba yake lilijengwa upesi, katika siku za ugonjwa, na fundi tusiyemjua. Aliweka kiganja, akafumba macho. Upande wa ziwa jiwe lilikuwa limeshuka kwa kiasi cha kidole kimoja. Aliinuka, akavua viatu vya safari, akamtuma shemeji yetu alete saruji, na binti wetu alete maji.